Kaka Haonji

Kitasa cha chumba kile nilikivunja kwa jiwe, mchana kweupe, mbele ya watu waliokuwa wakiimba, na mpaka leo sijaomba radhi. Walionitaka niombe radhi wapo, tunasalimiana vizuri tu sokoni, na kwa kuwa jibu langu wanalijua wameacha kuuliza.

Ndani ya chumba alikuwamo kaka yangu. Tumechangia baba na mama, na tangu baba yetu afariki yeye ndiye kichwa cha nyumba yetu. Ni seremala wa Heru Juu, na nyumba nyingi za kata yetu zina mlango au kitanda alichokitengeneza yeye. Alikuwa pia mlevi wa gongo. Nalisema hivyo hivyo lilivyo, kwa sababu watu wa kwetu wana maneno mengi ya kuupaka ulevi mafuta: anaondoa baridi, anachangamsha damu, anakunywa kiume. Kaka yangu alikuwa akiamka mikono inamtetemeka hata msumari haushikiki, anameza glasi ya gongo ndipo mikono inatulia aanze kazi. Mkewe alivumilia, akachoka, akarudi kwao. Kaka akabaki na binti yake wa pekee, ambaye alikuwa anajifunza ushonaji Kasulu mjini na kila Jumamosi anarudi kumfulia baba yake nguo.

Wazee wa ukoo walikaa kikao juu yake. Mimi sikuitwa, kwa kuwa ni mdogo, ni mwanamke, na nilishaachana na mume. Wakakubaliana wamkabidhi kwa watu wa maombi, wamfungie chumbani nyuma ya kanisa, wafunge na kusali mpaka pepo la pombe limtoke. Habari zilinifikia sokoni Kasulu, ninakouza maharage na mihogo mikavu. Nikamwachia jirani meza yangu, nikapanda bodaboda.

Nilipofika, kaka alikuwa ameshakaa mle siku kadhaa bila tone la pombe. Walikuwa wakiimba kwa sauti kubwa hata mtu angelia ndani asingesikika. Nikachungulia dirishani. Alikuwa chini sakafuni, amekakamaa, meno yameumana, povu linamtoka, suruali imelowa. Msimamizi wa maombi alikuja akasimama ubavuni kwangu, akaniambia kwa upole kabisa, "Ndiyo linatoka hilo, mama. Usilikatize." Hakuwa mtu mbaya. Aliamini anachokisema. Lakini mimi nilikuwa namwona kaka yangu anakufa, na imani ya mtu mwingine haikunihusu. Nikatafuta jiwe.

Hospitali ya Kasulu tulimkuta daktari wa zamu, dada mwenye umri mdogo kuliko mimi, mwenyeji wa Tanga, amejifunga ushungi vizuri, Kiswahili chake laini hata manesi walikuwa wanamwigiza akigeuka. Alimchoma kaka sindano, akakaa naye mpaka kukakamaa kulipoisha, ndipo akaniita pembeni.

"Hana pepo huyu," akasema. "Mwili wake umeizoea pombe. Mkimkatia ghafla hivi, mwili unachachamaa, anapata degedege, anaona vitu visivyokuwepo. Wengine hufa. Mngeniletea mimi kwanza, dada yangu."

Nikamwambia mimi sikumpeleka popote, mimi nimemtoa tu. Akacheka kidogo. Alisema hapo atamtuliza mpaka hatari ipite, lakini kumtuliza si kumtibu. Akirudi nyumbani atarudi kwenye glasi yake. Inabidi apelekwe mjini, kwenye hospitali kubwa yenye wataalamu wa ulevi, kisha apate nyumba ya kukaa miezi akijifunza kuishi bila pombe. "Mwanza ndiyo karibu," akasema. Nikamtazama. Kutoka kwetu, Mwanza ni kutwa nzima ndani ya basi, lakini mtu wa Tanga ukimleta Kasulu kila kitu kingine anakiona karibu.

Baba mdogo, mdogo wa marehemu baba yetu, alikuja wodini na fimbo yake na kofia yake ya heshima. Hakumsalimia mgonjwa. "Wewe umeshindwa kukaa na mume, ndiyo utaweza kumtibu kaka yako?" akaniuliza.

"Mume sikumshindwa, baba. Nilimwacha," nikamjibu. "Na kaka simwachi."

Akasema nataka kumpeleka mbali ili nibaki na shamba. Maneno hayo yakashuka mlima mpaka sokoni kabla sijatoka hospitali. Wateja wangu wakawa wanapima maharage huku wananichungulia usoni. Niliumia, sisemi sikuumia, lakini mimi nikiumia huwa nakaza, na yeyote aliyetaka nisiende alikosea sana kunisema vibaya.

Tukapanda basi alfajiri, kaka akiwa na dawa za kumtuliza njiani, mimi nina mfuko wa maharage ya kumpelekea mwenyeji wetu. Tulipofika Kibondo basi likasimama, wauzaji wakaja madirishani na ndizi na mahindi ya kuchoma, na kaka akaona vijana wameketi nje ya duka wanakunywa. Alifumba macho mpaka basi lilipoondoka, na mimi nikajua kwamba hiki tunachokwenda kutafuta ni kikubwa kuliko sindano.

Mwanza tulifikia kwa mwanamke wa kwetu aliyeolewa kule, anayeuza samaki wa Kigoma, dagaa na migebuka. Kesho yake nikamwacha kaka kwa mwenyeji, nikaanza kutafuta. Mji ule kila nguzo ya umeme ina daktari. Karatasi zimebandikwa kuanzia stendi mpaka milimani kwenye mawe: dawa ya kuacha pombe, mnywaji hatajua. Nilimpigia mmoja. Akaniambia ni unga, nimtilie kaka kwenye uji kimya kimya, akinusa pombe atatapika. Nikamuuliza, kama mgonjwa mwenyewe hajui kwamba ameacha, ameacha nini? Akakata simu.

Nyumba ya kwanza niliyoelekezwa ilikuwa juu kabisa kati ya mawe, ina geti na mbwa. Wamejaa vijana wanaotoka kwenye unga, wale wa kujidunga na kuvuta. Msimamizi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Pombe tu? Pombe si dawa za kulevya, mama. Mwambie apunguze." Nyuma yake nilimwona mtu amefungwa mnyororo mguuni, anaosha sufuria. Niliondoka bila ugomvi, na wanaonijua watashangaa. Niliteremka mlima. Nilikuwa nimetoka kuvunja kitasa kwetu, halafu natembea siku nzima kwenda kumtafutia kaka mnyororo.

Ile hospitali kubwa aliyoisema daktari wa Kasulu ndiyo ilibaki. Tukafika getini, tukaelekezwa, tukapita korido ndefu, na mwisho wa korido kuna kibao: Afya ya Akili. Kaka akasimama. Miguu ikagoma.

"Mimi si kichaa," akasema kwa Kiha, lugha yetu ya nyumbani.

"Hakuna aliyesema."

"Kibao kimesema. Nikiingia humo, Heru Juu hawatanipa tena mlango wa kutengeneza. Watasema fundi kichaa."

Watu wakawa wanatupita. Nilikuwa nimechoka, njaa inaniuma, na hasira zangu wakati huo ziko puani. Nikamwambia, "Sawa. Wewe baki hapa nje na akili zako. Mimi naingia, maana huu mwaka mzima anayekosa usingizi na anayeongea peke yake ni mimi." Nikaingia, nikakaa kwenye benchi, nikapanga foleni kama mgonjwa. Jirani yangu, mama wa Kisukuma aliyemleta mumewe, akaniuliza nasumbuliwa na nini. Nikamwambia nasumbuliwa na kaka. Akasogea nikae vizuri. Jina langu lilipokaribia kuitwa, kaka akaja akakaa upande wa pili, amekunja uso, hanitazami. Tukaingia pamoja.

Pale walimpima, wakampa dawa, na kwa mara ya kwanza mtu mwenye koti jeupe akamuuliza yeye mwenyewe, si mimi, si wazee, kama anataka kuacha. Kaka akasema anataka mikono yake. Daktari yule hakucheka wala hakumsahihisha. Yeye ndiye aliyetuelekeza kwenye nyumba nyingine, upande wa barabara ya uwanja wa ndege, inayoendeshwa na watu ambao wenyewe walikuwa walevi, na inayopokea wa pombe kama inavyopokea wa unga.

Alikaa kule miezi. Mimi nilirudi Kasulu kwenye meza yangu na masengenyo yangu, na kila nilipoweza nilipanda basi kwenda kumwona. Asubuhi walikuwa wanakaa duara kila mmoja anaeleza maisha yake. Kaka alichukia duara lile kuliko kitu chochote, kwa sababu kwetu mwanaume haelezi aibu yake kwa watu wasio ndugu. Wiki za mwanzo alikuwa anasema jina lake na kukaa chini. Siku moja nikiwa mgeni pale nje ya dirisha nikamsikia anaeleza, Kiswahili chake kinajikwaa na Kiha, habari za asubuhi moja ambapo binti yake alimkuta amelala mtaroni, akamfunika kwa khanga akaenda shule. Mimi habari hiyo nilikuwa siijui. Nililia nimeegemea ukuta wa watu.

Mshauri wao, kijana wa Dar es Salaam mwenye sauti ya upole, alinifundisha namna ya kumlinda akirudi. Akipewa pombe, ajibu hapana, kwa heshima, aondoke. Nikamweleza kwamba kwetu hapana ya heshima haipo. Kwenye shughuli, chungu cha pombe ya mtama kinawekwa katikati na mirija yake, na mwenye nyumba huonja wa kwanza, wageni wote wakimtazama, ili waone hakuna sumu. Asipoonja, hata asipotamka neno, ameshawaambia wageni kwamba chungu kina kitu ndani. Watu wamevunja uchumba kwa jambo hilo. Watu wamehama kijiji. Mshauri akanisikiliza, akajikuna kichwa. "Hilo sijawahi kulisikia," akasema. "Ila habari ya kuonja naijua. Yule kijana unayemwona anafagia, hii ni mara ya tatu yuko hapa. Alipotoka mara ya pili, alionja msibani kwao. Alichovya mdomo tu."

Kaka alirudi nyumbani wakati wa kupanda maharage. Alikuwa amenenepa, mikono imetulia, na akaanza na kazi ya kurudishia kitasa kwenye mlango wa chumba cha maombi. Hakuombwa, alikwenda mwenyewe. Mimi nilimwona mjinga, yeye akaniambia mlango ni mlango. Haukupita muda binti yake akachumbiwa na kijana mmoja wa Murungu, upande wa Kibondo, mkulima mwenye bodaboda yake, mtaratibu. Tukafurahi. Kisha ikapangwa siku ya wageni wa Murungu kuja kwetu kumaliza maneno, na maana yake ni chungu.

Nilipendekeza soda. Walokole wa kwetu wanaoana kwa soda na ndoa zao zinasimama. Baba mdogo akasema wazee wa Murungu si walokole, na soda ni ya watoto. Basi aonje. Kila mtu akawa na jibu hilo hilo moja, aonje tu. Hata yule msimamizi wa maombi, aliyemfungia ili aache, alinifuata sokoni akaniambia Mungu ataelewa tone moja. Nikamwambia Mungu simjibii, ila degedege nililiona mimi.

Aliyeniumiza ni binti. Alikuja kwangu jioni, gauni lake la siku hiyo analo mkononi, amelishona mwenyewe na bado anapandisha pindo. Mimi shangazi ndiye ninayemfunda na kumtoa mbele ya wageni, kwa hiyo ilikuwa haki yake kuja kwangu. "Shangazi," akasema, "mwambie aonje. Tone tu. Wakiondoka hao wa Murungu, mimi nitaitwa mtoto wa mlevi mpaka nizeeke. Miaka yote nimembeba. Siku moja tu anibebe na yeye."

Nilitaka kumgombeza, nikashindwa, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Nikamweleza habari ya kijana anayefagia. Nikamwambia, "Ukimtaka aonje, mwambie mwenyewe. Mimi simwambii." Akakunja gauni lake, akaondoka bila kuniaga.

Kaka yeye aliniambia kitu kimoja, asubuhi ya siku yenyewe, tukipanga viti. "Naogopa. Nikiiona inatoa povu, mkono utakwenda wenyewe. Nikalie karibu." Kwa hiyo wageni walipoingia na kuketi, mimi niliketi kwenye safu ya wanaume, karibu na kaka yangu, na macho niliyotolewa pale yangetosha kuanika mihogo.

Maneno ya heshima yakasemwa, marefu, ya kuzunguka, kama desturi. Chungu kikawekwa katikati. Baba mdogo akatia mrija, akamwelekezea kaka.

"Mimi nilikuwa mgonjwa wa pombe," kaka akasema. "Nimetibiwa. Sionji."

Mzee wa Murungu, babu yake bwana harusi, mrefu, amevaa koti zito juani, akauliza taratibu, "Kama mwenye nyumba haonji, mgeni ataonja nini?" Wenzake wakaanza kuvuta fimbo zao karibu. Nilimwona binti mlangoni, ndani kwenye kivuli, mahali anapotakiwa kusubiri mpaka aitwe.

Nikanyanyua kigoda changu nikakiweka mbele ya chungu. Nikashika mrija, nikavuta, nikavuta tena mpaka mashavu yakauma. Baba mdogo alikuwa ananiambia niinuke, sauti ya chini kama ya mtu anayemfukuza kuku mbele ya wageni.

"Tumekuja kwenye nyumba ya wanaume au ya wanawake?" mzee akauliza.

"Mmekuja kwenye nyumba ya kaka yangu," nikasema. "Damu yake na yangu ni moja. Kama kuna sumu, nitaanguka mimi wa kwanza. Kaeni mningoje."

Wakaningoja kweli. Sijawahi kutazamwa vile maishani mwangu. Nilikaa pale kwenye kigoda nimekunja mikono, pombe imeanza kunipanda kichwani maana si mnywaji, na nikawa nawatazama mmoja mmoja. Nilikuwa na furaha, nakiri, furaha kali isiyo na adabu. Mwishowe bibi mmoja wa upande wao akaangua kicheko, akaomba mrija, akasema mwanamke huyu akifa leo ni kwa mdomo wake, si kwa sumu. Watu wakacheka. Mirija ikatiwa. Mzee naye akanywa.

Nikadhani yamekwisha. Lakini yule mzee hakuwa amemaliza. Alikunywa vya kutosha, akaufuta mrija wake kwa kiganja, akainuka akaja mpaka mbele ya kaka, akamnyooshea. Hakufanya kwa ubaya. Sauti yake ilikuwa laini, ya mtu anayetafuta undugu. "Sumu hakuna, sote tumeona," akasema. "Sasa chovya mdomo, mkwe. Mimi na wewe mrija mmoja, mambo yaishe."

Kila neno nililokuwa nalo nilishalisema. Nikautazama mkono wa kaka yangu, ule wa kulia, nao ukanyanyuka kutoka gotini. Ulikwenda polepole, wenyewe, kama alivyoniambia. Vidole vikaugusa mrija.

Binti akatoka ndani. Hakuitwa, hakufunikwa, hakushikwa mkono na mimi. Alipita katikati ya wanaume na gauni lake jipya, akauchukua mrija kwenye vidole vya baba yake, akaushika kwa mikono miwili.

"Baba yangu hanywi," akamwambia mzee. "Kama hilo linavunja uchumba, na uvunjike."

Mzee wa Murungu akamtazama binti, akamtazama baba yake aliyekuwa ameinamisha kichwa analia mbele za watu. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza kama nyumba hii ina maji ya kunywa. Nikasema yapo. Akasema nilete vikombe viwili, cha mkwe wake na cha kwake.